Kidonge cha Kinyozi

Kwa maelezo ya fundi viatu, kinyozi alikuwa anakoroma. Si kusinzia, kukoroma, kama mtu aliyekula akashiba akaoga. Wembe uko kooni kwa Kocha, macho ya kinyozi yamefumba, na Kocha, mwanamume mzima anayefokea wachezaji wakamsikia ng'ambo ya uwanja, amekauka kwenye kiti, hata mate hamezi, maana koo likipanda na kushuka wembe nao utafanya kazi yake. Hapo ndipo yeye, fundi viatu, alipotupa kiatu cha watu, akaruka benchi, akaudaka ule mkono hewani.

"Nikaukamata hivi," alikuwa anawaambia wateja wake asubuhi ile, akijikamata kifundo cha mkono mwenyewe. "Ningechelewa kufumba na kufumbua, leo tungekuwa msibani."

"Si jana ulisema alikuwa anapiga miayo tu?" akauliza mteja mmoja, mguu wa kulia una kiatu, wa kushoto una ndala.

"Jana nilikuwa bado na mshtuko."

Dada Wembe aliyasikia yote akiwa anahangaika na kufuli ya kibanda chake, pale pale jirani na benchi la fundi. Jina hilo mtaa ndio uliompa, na siku hizi hata shangazi yake aliyemlea alikuwa ameanza kumwita hivyo. Ufunguo ulikuwa hauingii. Kichwa chake kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga uliolowa, na ulimi umekauka ukagandana na kaakaa. Alilala toka jana magharibi, akaamka jua limeshatoka, na bado mwili ulikuwa unadai.

Ukweli ni kwamba fundi viatu alikuwa ameinamia soli wakati ule, mgongo kawapa. Lakini uongo wake ulikuwa umejengwa juu ya msingi wa kweli, na huo msingi ndio uliomchoma Dada Wembe. Alisinzia. Wembe haukuwa kooni. Ulikuwa nyuma ya sikio la Kocha, pale ngozi inapokunjika, pale ambapo yeye huwa anabana pumzi ili mkono utulie. Alibana pumzi. Kope zikashuka, zikapanda, zikashuka tena zikakaa. Kilichomwamsha ni mlio wa wembe ukigonga sakafu ya saruji, kisha macho ya Kocha ndani ya kioo yakimtazama.

Kocha hakufoka. Afadhali angefoka. Alijifungua kitambaa mwenyewe, akajifuta povu kwa kiganja, akasema, "Jumamosi tutaona," akatoka.

Jumamosi ndiyo ilikuwa fainali.

Timu ya mtaa ule haikuwahi kufika fainali ya kitu chochote. Wiki nzima watu walikuwa kama wamelewa maji. Maputo ya kijani yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo, kwenye milango, kwenye mikokoteni; mtu na mtu wakikutana hawakusalimiana, walionyeshana kidole juu wakacheka. Na timu ile ilikuwa na jambo lake. Kabla ya mchezo mkubwa wachezaji wote hunyolewa mtindo mmoja, na mtu mmoja. Kocha, ambaye siku za kawaida ni fundi bomba, alilishikilia jambo hilo kuliko mazoezi. "Timu iliyonyolewa na mkono mmoja," alikuwa akisema, "haiwezi kunyimana pasi."

Tangu robo fainali mkono huo ulikuwa wa Dada Wembe. Kabla ya hapo wanaume walikuwa wakichungulia ndani ya kibanda, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Akijibu, "Ndiye mimi," wanasema, "Basi nitapita baadaye," na baadaye hiyo haifiki. Timu iliposhinda robo, kisha nusu, kibanda kilianza kujaa. Sasa kule stendi kulikuwa kumefunguliwa saluni mpya, vioo pande zote mpaka mtu anajiona kisogo bila kugeuka, na Nahodha alikuwa ameonekana pale akiulizia. Timu ikienda kule kesho, wanaume wote watafuata nyayo, na yeye atarudi kuwa wa "nitapita baadaye".

Alichomoa ufunguo bila kufungua. Akamgeukia fundi viatu.

"Fundi, ulinidaka kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Si huu hapa?"

"Na nyundo uliiweka wapi?"

Fundi akautazama mkono wake wa kulia, kisha nyundo iliyo miguuni pake. Mteja mwenye ndala akaangua kicheko mpaka akashika benchi.

Lakini kicheko hakinyoi mtu. Dada Wembe alirudi nyumbani, akamkuta shangazi anachambua mchele, akamwambia, "Shangazi, nataka kujua nilimeza nini kikanilaza hivi. Twende duka la dawa. Chukua na ile chupa yako ya dawa ya mafua."

"Chupa yangu imefanya nini tena?"

"Hicho ndicho tunachokwenda kuuliza."

Njiani alijipanga kichwani. Kiangazi kile upepo haukulala, vumbi lilipita chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Chafya zilianza. Macho yakawasha, pua ikawa kama bomba bovu. Kinyozi anayepiga chafya hawezi kumlaumu mteja akipandisha mabega. "Unanyoa au unapuliza moto?" fundi viatu alikuwa akimpigia kelele. Ndipo aliponunua vidonge vidogo vya njano kwenye kioski kinachouza sabuni na viberiti. Akafungiwa kwenye kipande cha gazeti. Alimeza kimoja. Chafya zikapungua, hazikuisha, na yeye akafikiri kama kinyozi: mashine ikipita nywele zikabaki, unaipitisha tena. Akameza cha pili. Mchana shangazi akamwona macho mekundu, akamnywesha vijiko viwili vya dawa ya mafua. Jioni akaja Kocha.

Mfamasia alikuwa mama mnene, mchangamfu, miwani ameipandisha kichwani na anaitafuta mezani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akaishusha miwani machoni kana kwamba ilikuwa pale siku zote.

"Nani alikuandikia umeze hivyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Kazi yako nini?"

"Kinyozi."

"Eeh. Kinyozi hajinyoi, lakini kujitibu anajitibu!" Alicheka, si kwa kebehi. Akachukua boksi rafuni, akaliweka kando ya chupa ya shangazi. "Vidonge vyako vilikuwa kama hivi? Haya, soma jina hapa. Sasa soma hapa, kwenye chupa, hizi herufi ndogo."

Dada Wembe aliishia darasa la saba, na herufi ndogo humtaka apite na kidole. Alipita nacho. Alisoma silabi kwa silabi kwenye boksi, akasoma silabi kwa silabi kwenye chupa, na katikati ya neno akahisi damu inampanda masikioni.

"Ni neno lile lile."

"Lile lile. Ulidhani umealika wageni watatu, kumbe ni mtu mmoja umemwita mara tatu. Na mtu huyo kazi yake ni mbili: anazuia chafya, na analaza. Ndiyo maana mdomo umekauka hivyo. Shukuru Mungu ulisinzia kibandani na si barabarani."

"Lakini ile yangu ni ya maji!" shangazi akasema. "Dawa ya maji ni ya kulainisha koo tu."

"Maji ni nguo, shangazi. Mvaaji ni yule yule."

Shangazi aliitazama chupa yake kama mtu aliyegundua mkwe wake ana mke mwingine.

Mfamasia akaanza kuuliza. Kuna dawa nyingine unatumia? Figo, ini, macho, uliwahi kuambiwa lolote? Pombe? Dada Wembe alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Una mimba? Unanyonyesha?"

"Hapana."

Shangazi akasogea karibu. "Mjibu vizuri."

"Nimeshajibu, shangazi."

"Umejibu haraka sana."

"Kifua kinabana?" Mfamasia alikuwa anabana kicheko. "Midomo huvimba?"

"Hapana. Ni chafya, pua na macho basi."

"Vizuri. Lakini shika hili: siku midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikaanza kukata, usinitafute mimi wala usitafute kidonge. Hospitali, mbio." Akafungua droo, akatoa pakiti nyembamba ya vidonge vyeupe. "Hiki ni cha aina nyingine. Hakilazi watu wengi. Nimesema wengi, sikusema wote. Kimoja kwa siku. Si kimoja kwa kila chafya."

"Na chafya zikibaki?"

"Unarudi hapa tuzungumze. Hurudii kidonge."

"Mimi nywele zikibaki napitisha mashine tena."

"Kichwani kwa mteja, pitisha mpaka uchoke. Tumboni mwako, hapana. Na vile vya njano na chupa ya shangazi, usichanganye na hiki. Umesikia? Sasa, leo usishike wembe. Vya jana bado havijakutoka, nakuona unavyopepesa. Meza hiki jioni, ukiwa nyumbani, huna chuma mkononi, uone kitakufanyaje. Kesho ukiamka mwepesi, fanya kazi. Ukiamka mzito, usifungue."

Dada Wembe akashika meza. "Mama, leo Ijumaa. Kesho ndiyo fainali. Nisipoonekana kibandani leo, watasema nimekimbia."

"Najua fainali ni kesho. Mume wangu amepaka rangi ya kijani mpaka baiskeli, suruali zake zote zina alama." Akamsogezea pakiti. "Unachagua mwenyewe. Waseme umekimbia, au waseme umesinzia tena."

Dada Wembe akailipia, akaitia mfukoni. Alipokuwa anaondoka, Mfamasia akamuuliza ni wakati gani hasa chafya zinamjia. Dada Wembe alisimama mlangoni, akaipitia kazi yake yote akilini, akajiona anakung'uta kitambaa, anapuliza poda shingoni kwa mteja, anafagia nywele kavu sakafuni.

"Poda," alisema polepole. "Na nikikung'uta."

"Basi acha poda. Kitambaa kikung'ute nje, sakafu ilowanishe kabla ya kufagia, funika pua. Kidonge ni mwavuli, mwanangu. Lakini usiende kusimama chini ya bomba."

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko uwanja. Dada Wembe alikaa nyumbani, akasikia mtaa unavyochemka bila yeye: filimbi, mabati yakigongwa, gari la matangazo likipita na kurudi. Shangazi ndiye aliyekuwa redio yake. Alitoka mara kwa mara kana kwamba ana kazi, akarudi na habari.

"Nahodha kaja kibandani, kakuta kufuli."

"Akasema nini?"

"Kakuna kichwa tu. Ila fundi viatu kasema umehama mji. Kasema alikuona na begi."

"Begi la rangi gani?"

"Kahawia. Mimi nikamwambia, 'Fundi, huyo uliyemwona labda ni mkeo anakukimbia.'"

Walicheka mpaka shangazi akajifuta macho kwa upindo wa gauni. Jioni ilipoingia Dada Wembe akameza kidonge kimoja kwa maji, akairudisha pakiti kwenye mfuko wa koti la kazi. Shangazi akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akamkodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

"Unasikia usingizi?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Shangazi, giza likiingia kila mtu husikia usingizi."

Lakini asubuhi, ah, asubuhi! Alifumbua macho kabla ya jogoo wa jirani, na kichwa kilikuwa kichwa, si gunia. Pua inapitisha hewa. Alisimama, akanyoosha mikono mbele, akavitazama vidole. Havikutetemeka. Alijimwagia maji, akavaa koti, akafunga leso puani, akatoka nusu anatembea nusu anakimbia.

Timu ilikuwa imeshajaa nje ya kibanda chake, jezi mpya zinanuka duka bado. Lori la mchanga lililooshwa likang'aa lilisimama kando, tayari kuwabeba. Lakini hakuna aliyekuwa ameketi kwenye benchi lake la kusubiri. Walisimama kama watu wanaongoja kuamuliwa. Kocha alikuwa nyuma yao, mikono kifuani.

"Dada, shikamoo," Nahodha akaanza, na shikamoo hiyo kutoka kwa mtu wa rika lake ikamwonyesha kwamba habari si nzuri. "Sisi hatuna neno na wewe. Ila vijana wanaogopa. Tumeona labda twende stendi mara hii, halafu…"

"Halafu mtapita baadaye."

Nahodha akatazama viatu vyake.

Dada Wembe hakubishana. Alifungua mlango, akalowanisha sakafu, akakoroga povu kwenye bakuli mpaka likasimama. Kisha akatoka nje, akafungua puto la kijani lililofungwa kwenye bawaba, akalipaka povu pande zote likawa jeupe kama kichwa cha mzee.

Kila kinyozi aliyefundishwa vizuri ameanzia hapo. Unanyoa puto. Wembe ukilala sana, povu linabaki. Ukisimama sana, puto linakupasukia usoni na mwalimu wako anacheka. Yeye alipasua maputo mengi kabla hajaruhusiwa kugusa kidevu cha mtu. Lakini wachezaji hawakulijua hilo. Walilijua puto tu na walikijua chuma.

"Fundi," aliita. "Wewe si ndiye uliyekuwa karibu sana juzi? Njoo ushike."

"Mimi? Mimi nina kiatu cha mtu hapa."

"Kitupe, kama ulivyokitupa juzi!" akapaza sauti mtu mmoja, na mtaa ukacheka, na fundi viatu akasukumwa mpaka mbele. Akalishika puto kwa viganja viwili, akalipeleka mbali na uso kadiri mikono ilivyofika, akafumba macho.

"Fumbua, Fundi. Shahidi hafumbi macho."

Wembe ukagusa povu. Kelele zikapungua, zikaisha, hata gari la matangazo likazimwa. Dada Wembe alibana pumzi, akavuta. Ukanda wa kijani ukatokea, umenyooka, unang'aa. Akafuta wembe, akavuta tena. Kila mvuto fundi viatu alikunja uso kama anayechomwa sindano. Kwenye fundo la puto, mahali mpira ulipokunjika na kuwa mwembamba kama ngozi ya nyuma ya sikio, wembe ulipunguza mwendo, ukazunguka, ukatoka na povu la mwisho. Puto lilikuwa zima, safi, limelowa.

"Umesinzia wapi?" akamuuliza fundi viatu.

"Dada," alisema fundi kwa sauti nyembamba, "aliyetaka kuzimia hapa ni mimi."

Wakalipuka. Nahodha ndiye aliyeingia wa kwanza, akajitupa kwenye kiti cha kuzunguka mpaka kikazunguka na yeye. Baada ya hapo hakukuwa na kupumua. Mashine ililia, kitambaa kilikung'utwa nje kila mara, poda ilibaki rafuni imefunikwa. Kichwa kilitoka, kichwa kikaingia. Nje waliokwisha nyolewa walipigana vibao vya upendo visogoni, na watoto wakashangilia kila aliyetoka kama amefunga goli. Dada Wembe alikuwa anacheka nyuma ya leso. Chafya moja ilimjia tangu aanze. Aliisikia mapema, akaweka wembe mezani, akageuka, akaipiga, akanawa mikono, akarudi. Hakuna aliyepandisha mabega.

Wa mwisho katika wachezaji alikuwa kipa. Walimwita Gundi, kwa jinsi mpira unavyonasa mikononi mwake. Alipoketi tu akapiga chafya, na nyingine, na nyingine, mpaka Dada Wembe akarudi nyuma na mashine mkononi. Macho ya Gundi yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Vumbi la uwanja," alisema. "Wiki nzima niko hivi. Dada, wanasema una kidonge. Nigawie kimoja. Mpira ukija na mimi niko kwenye chafya, tumekwisha."

Pakiti ilikuwa mfukoni mwa koti. Kona yake ilionekana. Wachezaji walikuwa wamebanana mlangoni.

"Umewahi kukimeza hiki?"

"Sijawahi."

"Basi leo si siku ya kukionja."

"Wewe umemeza na uko macho," Nahodha akasema. "Tumeona wenyewe."

"Kimenifaa mimi. Cha kwanza nilikilalia nyumbani, shangazi kanikalia mbele kama polisi. Yeye anataka kukijaribia golini?"

"Dada, ni kidonge kimoja!"

"Mpe bwana!" sauti ikatoka nje. Nyingine ikadakia, "Mpe! Mpe!" na wale waliokuwa wanashangilia wakaanza kuimba neno hilo hilo huku wakipiga ubavu wa lori. Nahodha hakuimba. Alisogea karibu, akasema chini chini, bila ubaya lakini bila utani, "Tukifungwa leo, Dada, watu watakumbuka nani alimnyima kipa dawa."

Alijua hivyo. Alijua mtaa ule unavyokumbuka. Aliyasikia jana. Kumpa ni kuingiza mkono mfukoni tu, na wote watampigia makofi. Aliweka mashine mezani, akakunja kona ya pakiti, akaisukuma ndani zaidi.

"Wakumbuke," alisema. "Sikujua nilichomeza, na mtu alikuwa chini ya wembe wangu. Simpi mtu nisichojua kitamfanyaje. Duka la dawa liko wazi. Mwenyewe aende akaulizwe maswali, kama nilivyoulizwa mimi."

Kelele zilikatika, kwa sababu Kocha alikuwa ameingia. Alipita katikati yao, akamtazama Gundi, akamtazama Dada Wembe.

"Umesikia," akamwambia Gundi. "Malizia kichwa, kisha nenda kwa yule mama. Akikwambia meza, meza. Akikwambia nawa uso, nawa. Na ninyi wengine, pandeni gari."

Gundi alinyolewa, akakimbia. Alirudi uso unachuruzika maji, kitambaa safi kilicholowa kimefungwa shingoni, anapiga kelele toka mbali, "Kasema ninawe macho kila mapumziko! Kidonge kasema nikajaribu nikirudi, nikiwa nimelala kitandani na kombe!" Wakamvuta juu ya lori kwa mikono mingi. Dereva akawasha. Moshi, filimbi, kijani kila mahali.

Ndani ya kibanda kulibaki wawili.

Kocha hakuwa amenyolewa. Alisimama katikati ya sakafu iliyolowa, kisogo chake kikiwa kimeota nywele zisizo na mpaka tangu ile jioni. Dada Wembe alidhani anageuka kutoka. Badala yake aliketi. Alikaa polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua kina, akaweka mikono juu ya magoti.

Dada Wembe alimfunga kitambaa. Akapitisha mashine, safari moja, nyingine, mpaka kichwa kikafanana na vichwa vyote vilivyokuwa vinaimba nje. Kikabaki kile kipande cha nyuma ya sikio, ambacho mashine haikifikii.

Honi ya lori ikalia.

Dada Wembe alichovya brashi kwenye bakuli, akaufungua wembe mpya mbele ya macho yake, akausubirisha pembeni, juu ya kiganja kilicho wazi.

"Kocha," alisema, "niruhusu nipitishe wembe."

Honi ikalia tena, ndefu. Kocha hakugeuza shingo. Ndani ya kioo alikuwa anazitazama kope za Dada Wembe, moja kisha nyingine, na kwenye bakuli kati yao mapovu yalikuwa yanapasuka moja moja, bila mlio.